Hoja ya Matimba

Wabunge wa Chama cha Uhai wa Ardhi walikuwa wanne tu, na wote walienea kwenye gari moja la Noah. Eufrasia Maige, wa viti maalumu, ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wenzake, na hoja iliyowaleta Runzewe ilikuwa yake. Alitaka Bunge lipige marufuku kabisa kukata miti ya msituni kwa ajili ya matimba, yale magogo yanayozuia kuta za maduara, mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, zisiporomoke. Alikulia huku. Msitu alimokuwa akiokota uyoga na bibi yake ulikuwa umebaki visiki.

Mkutano na wananchi ulikwenda vizuri. Walipokuwa wakiingia garini, mwanamke mmoja akamsogelea Eufrasia.

"Mheshimiwa, naitwa Bhoke, Mama Amosi. Nina neno, ila si la kusemea hapa. Twende ukaone."

Mzee Thobias, kiongozi wa wabunge wa chama, akatazama saa. Eufrasia akawaambia watangulie Shinyanga, naye akapanda bodaboda kumfuata Bhoke.

Walisimama kwenye duara lililofukiwa nusu.

"Mume wangu Sostenes walimtoa humu siku ya tatu," Bhoke alisema. "Gari la magogo lilikamatwa njiani na watu wa misitu. Mwenye duara akasema kazi isisimame. Pa kuweka matimba manne, wakaweka mawili."

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa. Nilikusikiliza pale mkutanoni. Unasema kweli, hata kuni siku hizi nazifuata mbali. Lakini ukifunga kabisa, hawa hawataacha kushuka. Watashuka hivyo hivyo."

Kama hatua ishirini kutoka hapo, wanaume wawili walikuwa wakishuka kwenye duara jingine kwa kamba. Eufrasia aliwatazama mpaka kofia zao zikapotea.

Asubuhi wabunge wanne walikutana kwenye ukumbi mdogo wa hoteli, Shinyanga. Eufrasia alimwamkia Mzee Thobias, kisha akasema bila kuzunguka kwamba anataka kuiondoa hoja yake.

"Imeshafika kwa Spika," Thobias alisema. "Magazeti yameandika. Watatucheka."

"Watucheke, mzee. Nimeona duara alimofia mtu kwa kukosa magogo mawili. Mimi nilikuwa naenda kuyaondoa yote."

"Na msitu je? Tulichaguliwa kwa ajili ya msitu."

"Sijausahau. Ila hoja yangu ilihesabu miti, haikuhesabu watu."

Kati ya wenzao wawili, Davis alikuwa upande wa Thobias. Dorah, aliyewahi kuwa bibi shamba, akauliza kwa nini wenye leseni za kuchimba wasilazimishwe kupanda mikaratusi ya matimba.

"Inachukua miaka saba kukomaa," Thobias akasema.

"Basi katika miaka hiyo saba wakate sehemu zilizopimwa, kwa kibali kinachotoka upesi," Eufrasia alijibu. "Msitu ufungwe kidogo kidogo, kadiri mikaratusi inavyokua."

Thobias alikuwa amekipigania chama hiki miaka kumi na tano kabla hakijapata hata kiti kimoja, na marufuku ile ndiyo aliyoiota. Mwishowe akavua miwani.

"Iondoe," alisema. "Magazeti niachie mimi."

Magazeti yaliwacheka kweli, wiki nzima. Katika mkutano uliofuata wa Bunge Eufrasia aliwasilisha hoja mpya. Mbunge mmoja alimkatiza akimwuliza kama leo ana uhakika, ukumbi ukaangua kicheko. Thobias aliinuka, mzee yule asiyependa maneno mengi, akasema kwamba kubadili msimamo baada ya kwenda kuona si aibu. Hoja haikupita siku ile, lakini ilipelekwa kwenye kamati, mahali ambapo hoja ya chama chao ilikuwa haijawahi kufika.

Eufrasia alipotoka nje alimpigia Bhoke simu, akamweleza yote, pamoja na kwamba kamati inaweza kukaa nayo mwaka mzima.

"Mwaka," Bhoke alisema. Nyuma yake makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, yalikuwa yakinguruma. "Haya, Mheshimiwa. Nitawaambia wachimbaji waliopo. Na wewe usiache kuwasukuma."

"Siachi, Mama Amosi."