Mama Santo na Baba Shamira

Huko Midia, wilayani Koboko, karibu na mpaka wa Sudan Kusini, mtu mzima huitwa kwa jina la mwanawe, hata kama mwana mwenyewe yuko ng'ambo ya bahari. Kwa hiyo Soka aliitwa Baba Shamira, ingawa Shamira alikuwa Maskati akilea watoto wa watu. Na Agnes Keji aliitwa Mama Santo, ingawa Santo alikuwa Australia, kwenye kiwanda cha nyama, na Midia nzima hapakuwa na mtu mwingine aliyewahi kumwona.

Soka alikuwa dereva. Babake alikuwa askari, na serikali ya Kampala ilipoanguka mwaka wa sabini na tisa familia yao ilikimbilia Sudan, upande wa Yei, yeye akiwa kijana anayeanza kuota ndevu. Huko walipewa pa kulima na watu ambao hawakuwajua, Wakakwa kama wao. Miaka mingi baadaye, vita vya Sudan vilipokwisha, aliirudia njia ileile akiwa na lori, akipeleka saruji na mabati Juba. Alikuwepo Juba siku wenyeji walipocheza barabarani kwa furaha ya kupata nchi yao. Kisha vita vikazuka upya, lori la tajiri wake likachomwa njiani, naye akavuka mpaka kwa miguu, akashika jembe. Mkewe Eyotaru, Mlugbara wa Oli kule Arua, alikuwa amekwisha kufariki.

Shamira alipoanza kupata mshahara, kitu cha kwanza alichomnunulia babake kilikuwa sola. Haikupita muda, wanawake waliokimbia vita wakawa wanaleta simu zao kuchajiwa pale kwake. Mama Santo alikuwa mmoja wao. Wengine waliacha simu wakaenda zao, lakini yeye alikaa barazani akaisubiri yake, kwa sababu Santo hupiga saa yoyote anapotoka kazini, na hakutaka simu iite mikononi mwa mtu mwingine. Alikuwa amemwona mwanawe kwa mara ya mwisho akiwa mvulana, alipoondoka na binamu zake kwenda kambi za Kenya. Tangu hapo alimjua kwa sauti, halafu, simu zilipopata picha, kwa uso mdogo unaoganda kila mtandao unapolegea.

Basi alikaa, na mtu aliyekaa hupewa chai, na mwenye kunywa chai huzungumza. Soka aligundua kwamba kijiji alichohifadhiwa ujanani hakikuwa mbali na kwao Keji. Walitajiana visima, mlima, kanisa, na mwanamke mmoja mkali aliyekuwa akiuza karanga njia panda, ambaye wote wawili walimwogopa. Siku zilivyokwenda, Keji akawa anakuja hata simu ikiwa imejaa. Alileta kisamvu alichokitwanga mwenyewe. Soka, ambaye tangu mkewe afariki alikuwa akila muhogo mkavu na chai, alianza kunenepa.

Majirani waliona. Mmoja wao akamwandikia Shamira kwamba babake sasa anaweka mkimbizi nyumbani. Shamira alipiga simu akiwa na hasira. Alisema bati lile ameliweka yeye kwa jasho lake, na kitanda kile ni cha mama yake. Soka hakubishana naye. Alimwambia tu kwamba hakuna aliyelala kwenye kitanda cha mama yake, kisha akamuuliza kama amekula.

Halafu ikaja korona, na mpaka ukafungwa, na mabasi yakasimama. Siku moja Soka alikuwa bondeni akipalilia, simu yake ikiwa kwenye chaji, Keji akiwa barazani anachambua mbegu za ufuta. Simu iliita ikakatika, ikaita tena, ikakatika. Mara ya tatu Keji akaipokea.

"Baba iko wapi?" sauti ikauliza.

Keji akasema yuko shambani, akaomba asubiri aitwe. Upande wa pili akasikia kikohozi, na baada ya kikohozi kilio cha mtu anayeziba mdomo ili asisikike.

"Usimwite," Shamira akasema. "Usimwambie Baba kama mimi iko mgonjwa. Wamenifungia chumba cha stoo. Chakula wanaweka mlangoni wanakimbia."

Alimweleza kwamba matajiri wake wanaogopa ugonjwa, na yeye mwenyewe anaogopa zaidi, kwani msichana mmoja wa kutoka Koboko alikuwa amefariki kwenye nyumba ya jirani na hakuna aliyemwosha wala kumwombea. Keji hakumwambia asiogope. Alimuuliza kama ana maji, kama stoo ina dirisha, na kama anaweza kukaa wima akiegemea ukuta. Alimwambia alifungue dirisha. Kisha, kwa kuwa hakuwa na dawa ya kumpa, alianza kumsimulia kilichokuwa mbele yake: kuku wanaodonoa ufuta, shati la babake kwenye kamba lenye kifungo kimoja cha rangi tofauti, moshi wa nyumba ya pili. Shamira alisikiliza mpaka pumzi yake ikatulia.

"Wewe ndiye Mama Santo," akasema mwishowe.

"Ndiye mimi."

"Kesho upokee tena."

Akapokea kesho yake, na siku zilizofuata. Soka alikuwa akienda shambani bila simu kwa sababu Keji alimshawishi kwamba jasho huiharibu, naye akaamini. Shamira alipopona ndipo alipomwambia babake kila kitu. Soka alitoka nje akakaa nyuma ya nyumba muda mrefu. Aliporudi alimwambia Keji kwamba alipaswa kumjulisha, kwa kuwa mzazi ni yeye Soka. Keji alikubali kwamba ni kweli. Soka akamshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Shamira mwenyewe ndiye aliyelianzisha la ndoa. Alisema kwenye simu, babake akisikia, kwamba kitanda kisicholaliwa huliwa na mchwa. Soka akajikaza, akamuuliza Keji kama angekubali kuolewa naye, kila mmoja akibaki na dini yake, yeye Mwislamu, Keji Mkristo. Keji akaomba apewe siku chache azungumze na Santo.

Alipompigia, Santo hakumpa nafasi ya kusema. Alikuwa akicheka na kulia. Visa ya mama yake, waliyoisubiri tangu kabla ya korona, ilikuwa imetoka. Na mkewe alikuwa mjamzito.

Keji alimletea Soka habari hiyo jioni hiyohiyo, akiwa amesimama, hakutaka kukaa. Alisema anaweza kukataa. Alisema hajui baridi, hajui lugha ya kule, na kwamba miaka yake ya kukimbia imekwisha.

"Nenda," Soka akamwambia.

"Wanifukuza?"

"Ningekuwa nakufukuza nisingeona uchungu hivi. Mtoto amekutafuta miaka yote hiyo. Nenda ukamshike uso."

Alimsindikiza mpaka Arua, wakalala Oli kwa ndugu za Eyotaru, ambao walimpokea Keji kwa adabu na kumpikia kuku. Alfajiri Keji akapanda basi la Kampala. Soka alikuwa amemnunulia sweta mbili sokoni, nene sana, za mtumba, ambazo huenda zilitoka hukohuko alikokuwa akienda.

Kwa mwaka na zaidi walikutana kwenye simu. Kwa Keji ilikuwa jua limezama, kwa Soka bado ni mchana wa jembe, kwa hiyo alijifunza kurudi nyumbani mapema, akanawa uso na kuvaa shati safi kabla ya kupiga. Keji alimwonyesha mjukuu, msichana mwenye mashavu. Alimwonyesha barabara zisizo na mtu. Soka alimwonyesha muhogo. Hakumuuliza hata mara moja atarudi lini.

Siku moja aliyepiga alikuwa Santo, peke yake, ndani ya gari lake.

"Mzee," akasema, Kikakwa chake kikiwa kizito kama cha mtu anayetembea gizani, "nataka kukujua wewe ni mtu wa namna gani."

Soka akasema yeye ni mtu wa kawaida, amewahi kuwa dereva.

"Mama hali chakula vizuri. Asubuhi akiamka, kwenye simu anaangalia kama Koboko kuna mvua. Ya hapa haiangalii. Tumemnunulia koti, tumempeleka kwenye kanisa la watu wa kwetu. Anashukuru kwa kila kitu, na hiyo shukrani ndiyo inaniumiza. Nilitaka kumtunza. Nilifanya kazi zote hizi ili nimtunze."

"Umemtunza," Soka akamwambia. "Sasa anajua unavyocheka, anajua mtoto wako ana uzito gani mkononi. Asiporudi huku sitakuwa na neno. Akirudi, hatakuwa amekukimbia wewe."

 Santo akauliza kama barabara ya kutoka Arua kwenda Koboko sasa ni nzuri. Soka akajibu kwamba ni ya lami, inateleza kama sahani.

Walikuja Januari, mama na mwana. Shamira alikuwa amemaliza mkataba wake na kurudi, akafungua kibanda cha kushona nguo Oli, na ndiye aliyekwenda na babake kuwapokea kwenye kituo cha mabasi. Keji alishuka polepole akishika mlango. Shamira, ambaye hakuwahi kuonana naye ana kwa ana, alimtangulia babake, akapiga goti pale penye vumbi na maganda ya miwa, akamwamkia kama binti anavyomwamkia mama. Keji akamwinua, akampapasa mabega.

"Kumbe u mrefu," akasema. "Kwenye simu ulikuwa mfupi."

Ndoa ilifungwa Midia wiki iliyofuata. Shehe alifika, katekista naye akafika, na baada ya kuulizana mambo machache walikula sinia moja. Santo alishinda siku nyingi shambani na Soka, mikono ikamtoka malengelenge, akakataa kupumzika. Siku ya kuondoka alimwita Soka Baba, mbele ya watu, akaingia garini haraka.

Keji hakuwa mzima wiki ile. Alikaa barazani na picha ya mjukuu mkononi, akafikiri kwa sauti kwamba labda amekosea, kwamba mtoto atakua bila kumjua bibi yake.  Soka alileta chai, akakaa upande wake, na ilipopoa bila kunywewa, akaenda kuipasha moto.