Mlangoni, Si Njiani

Jumanne, siku ya soko, Bouazza alinyoa ndevu, akavaa jalaba lake la kahawia, akaenda kusema mbele ya baraza la mji. Miaka thelathini na minane alikuwa msimulizi wa uwanjani. Alijua kuwashika watu kwenye duara, kuku kwapani, jua utosini, wasikumbuke kurudi kwao. Ila ndani ya chumba chenye zulia hakuwahi kusema.

Alitaka neno moja tu. Daftari la baraza liliandika kwamba mkewe, Yamna, alifia njiani. Yeye alimbeba mikononi mpaka zahanati, saa nne ya asubuhi, siku ya kazi, akakuta kufuli. Yamna akakata roho pale pale, mgongo umeegemea mlango na kufuli lake. Mtu akifia njiani, ni kazi ya Mungu. Akifia mlangoni, ataulizwa mwenye ufunguo. Ndiyo maana wakubwa waliandika njiani.

"Mzee, una dakika tatu," alisema Lahbib, mwenyekiti, kwenye kipaza sauti. "Na usituletee majini yako ya uwanjani."

"Majini leo wamekaa meza ya mbele," alisema Bibi Tamou, muuza nanaa. Watu wakacheka.

Bouazza alikisogeza kipaza sauti kando. Akaachanisha miguu kidogo, akavuta pumzi mpaka tumboni, akawatazama mmoja mmoja kabla ya kufungua kinywa. Kisha akaanza kwa sauti ya chini. Watu wakainama mbele wapate kumsikia, na ukuta wa mashariki nao ukainama, kama shubiri moja hivi. Karani akaisogeza meza yake, akaendelea kuandika.

Bouazza aliisimulia njia yote, jiwe kwa jiwe. Akanyoosha mikono, viganja juu, kuonyesha alivyombeba mkewe. "Nikafika mlangoni..."

Mwenyekiti akagonga kengele. Dakika zimekwisha.

Bouazza akanyamaza, mikono ile ile imenyooka. Uwanjani msimulizi huikata hadithi pale inapouma, na haendelei mpaka duara zima limsalie Mtume. Feni ikasimama. Chumba kizima kikamsalia Mtume, na aliyepaza sauti kuliko wote alikuwa mwenyekiti, ambaye utotoni hakukosa mstari wa mbele kwa Bouazza. Ruhusa ikawa imetoka kinywani mwake mwenyewe.

"Nikakuta kufuli," akamalizia Bouazza, na Yamna akawa mikononi mwake, kitambaa chake cha njano kichwani, kiatu mguu mmoja. Kingine kilidondoka siku ile karibu na kisima.

"Yamna, hujambo?" aliuliza Tamou.

"Sijambo. Nanaa yako bado ina mchanga?"

"Shoga, hata kufa hakujakufunza adabu!"

Yamna akamgeukia mumewe. "Inua kidevu. Unaongea na zulia."

Bouazza akainua kidevu. "Mlangoni!" akasema, safari hii kwa kifua chote. Sauti ikatoka nje mpaka kwa wauza kuku, na kuku wakanyamaza. Yamna akageuza mgongo, watu wakaona alama ya kufuli, nyekundu, kama ya jana.

Wakubwa wakanong'onezana. Lahbib akamwamuru karani amwandikishe mama huyo kwenye mahudhurio. Yamna akatia dole gumba.

"Sasa," alisema Lahbib, "kwa kuwa marehemu yupo, baraza haliwezi kusikiliza shauri la kifo chake. Daftari libaki lilivyo."

Wakagonga muhuri, wakaagiza chai.

Bouazza akatoka na mkewe mikononi katikati ya soko, mgongo wima kama bwana harusi. Watu wakampisha, kisha wakamfuata. Kwenye zahanati alilikuta kufuli lile lile, safari hii limepakwa rangi ya kijani.

"Mikono imechoka?" aliuliza Yamna.

"Hapana."

"Basi anza mwanzo. Taratibu. Uliharakisha sana pale kwenye kisima."

Siku hizi kila Jumanne husimama hapo, kidevu juu, bila kipaza sauti. Hadithi ikifika kwenye kufuli, Yamna huvua kiatu kilichobaki akaugonga mlango mwenyewe, mara tatu. Ndani hakuna anayefungua. Duara limefika barabarani, na gari la mwenyekiti likipita hulazimika kusubiri mpaka watu wamsalie Mtume.