Mlango wa Gavana

Mchuma janga hula na wa kwao. Clayton Voss alipochuma lake, kwa kumpiga risasi mzee Ames Rudd nyuma ya kaunta ya kituo cha mafuta, mdogo wake Lorna alikuwa na miaka tisa na alikuwa sebuleni akikata nguo za wanasesere wa karatasi. Sasa Lorna ana miaka kumi na saba, na janga bado wanalila. Rufaa zote zimekwisha. Tarehe imewekwa, tisa Agosti, na wakili ameshamwambia mama yao bila kupepesa macho kwamba aliyebaki ni mtu mmoja tu, gavana wa jimbo, ambaye akitaka anaweza kumgeuzia Clayton hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha.

Barua walizomwandikia zilijibiwa na karani. Zote kwa maneno yaleyale.

Kwa hiyo msidhani Lorna Petrak alikwenda kambi ya Serikali ya Wasichana kwa kupenda siasa. Alikwenda kwa sababu moja. Kila mwezi wa sita, wasichana mia nne wa sekondari kutoka jimbo zima hukusanywa chuoni kwa wiki moja kucheza serikali. Kila ghorofa ya bweni huwa mji wenye meya wake, hupangwa vyama viwili, huchaguliwa wabunge, hutungwa sheria. Na msichana anayeshinda ugavana hupelekwa Ijumaa ofisini kwa gavana wa kweli, akampa mkono, akakaa naye dakika kumi.

Dakika kumi zilimtosha.

Bi. Hruska, mwenyekiti wa chama cha wake wa wanajeshi wa zamani pale kwao Weller, ndiye aliyempendekeza. Alimwita jikoni kwake, akamkatia kipande cha keki, akamwambia, "Fomu nimejaza. Ndugu yako ni nani sikuandika popote, na wewe usiseme. Majina ya baba zenu ni tofauti, hakuna atakayejua."

"Na wakijua, Bi. Hruska?"

"Kula keki yako, mwanangu."

Siku ya kwanza tu Lorna alielewa kwa nini. Mkuu wa kambi, Bi. Whitlow, mwanamke mwembamba aliyekuwa mwalimu wa uraia kwa miaka thelathini, aliwasomea masharti yote, na sharti la tisa alilisoma mara mbili. Hakuna kumpelekea gavana shida za nyumbani. Miaka miwili nyuma msichana mmoja alimlilia gavana kuhusu shamba la baba yake mbele ya mpiga picha, ikawa aibu ya jimbo zima. "Nikisikia mtu ana jambo lake binafsi na Mheshimiwa," alisema, "atabaki bwenini, ataenda aliyemfuatia kwa kura. Sitabembelezwa."

Lorna alikuwa na barua tayari, kurasa mbili, imeshonwa ndani ya bitana ya sanduku lake.

Aliyelala naye chumba kimoja alikuwa Deedra Oakes, binti wa muuza matrekta, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuamsha wafu. Aliposikia Lorna anataka ugavana alipiga kofi paja lake.

"Wewe? Tangu asubuhi umesema maneno sita, nimeyahesabu!"

"Basi nisaidie."

"Nikusaidie nini, shoga, nikutikise yadondoke?" Lakini usiku uleule alikuwa sakafuni akiandika jina la Lorna kwenye sahani za karatasi, akizitoboa na kuzitia uzi wa sufu ili watu wavae shingoni. Kesho yake chakula cha mchana, mezani kwa mji wa pili, Deedra aliweka viwiko mezani makusudi. Ukiweka viwiko mezani pale kambini lazima usimame uimbe. Akasimama akaimba jina la Lorna Petrak kwa wimbo wa kubembelezea watoto mpaka ukumbi mzima ukamwaga chai ya barafu kwa kucheka. Lorna alicheka pia. Alikuwa hajacheka tangu Machi, tarehe ilipowekwa, na alijiona mwizi.

Mpinzani wake kutoka chama cha pili alikuwa Paige Lindqvist, binti wa jaji, mrefu, mwenye meno ya kununuliwa na tabasamu la bure. Hakuwa mbaya, tusimsingizie. Alikuwa tu hajawahi kunyimwa kitu.

Jumanne jioni wagombea wawili walisimama jukwaani, na maswali yakaokotwa kutoka kwenye bakuli. La kwanza shule, la pili barabara. La tatu Bi. Whitlow alilifungua akasoma, "Kama gavana, utamhurumia mtu aliyehukumiwa kifo?"

Paige alianza. Alisema sheria ni sheria, na atakayewasikiliza wauaji awaangalie kwanza wajane machoni. Wakampigia makofi na miguu.

Ikawa zamu ya Lorna. Mjane wa mzee Rudd yeye alimjua kwa sura, walikutana dukani karibu kila Jumamosi, na kila Jumamosi mmoja wao aligeuza kigari chake akapita upande mwingine. Hilo angeweza kulisema. Angeweza kusema kwamba huruma inauma pande zote mbili. Lakini aliziona zile nyuso mia nne, akajua kwamba akisema hivyo ameshindwa, na akishindwa hakuna mlango. Ulimi hauna mfupa, akajiambia. Huu ni mchezo.

"Aliyemfungia mwenzake mlango wa huruma," alisema, "asije kuugonga wa kwangu."

Walisimama. Ukumbi mzima ulisimama, hata wale wa chama cha Paige, na Deedra akapiga mluzi wa vidole viwili. Jumatano asubuhi Lorna alishinda kwa kura kumi na moja. Gazeti la kambi, lile la kurasa nne lililokuwa likitumwa kwa wazazi wote, lilichapisha picha yake ukurasa wa mbele, na chini ya picha maneno yake kwa herufi nene.

Alhamisi alasiri wakamletea miswada.

Ilikuwa saba. Sita ilikuwa ya kawaida, mabasi ya shule, maji ya visima. Wa saba uliletwa na Paige, aliyekuwa sasa seneta, na ulisema aliyehukumiwa kifo amalize rufaa zake ndani ya miaka miwili na baada ya hapo gavana asiruhusiwe kusamehe. Ulikuwa umepita kwa kishindo. Lorna aliusoma akiwa ameketi nyuma ya meza ya chumba cha mapumziko, bendera ndogo kushoto, kalamu ya chama kulia.

"Hii sita natia saini," alisema. "Huu wa saba ngoja kwanza."

"Ungoje nini?" Deedra alikuwa sasa katibu wake, na cheo kilikuwa kimemkaa vizuri. "Ni maneno yako hayo hayo, wameyapiga chapa tu."

"Nikiukataa inakuwaje?"

Bi. Whitlow alikuwa pembeni akipanga karatasi. "Kuukataa ni haki yako," alisema. "Kwa desturi yetu, gavana anayekataa mswada anakwenda mbele ya bunge anaeleza sababu, na wanamuuliza maswali mpaka waridhike." Alimtazama Lorna juu ya miwani. "Unayo sababu, binti yangu?"

Pale ndipo palipokuwa na njia. Ndiyo, Bi. Whitlow, ninayo, jina lake Clayton. Lakini sababu hiyo ingemlaza bwenini Ijumaa, na Paige ndiye angepanda gari. Na uongo wa haraka haukumjia, kwa sababu alikuwa amekwisha tumia uongo wake wote jukwaani.

"Hapana," alisema. "Sina."

Akatia saini. Jina zima, kwa mwandiko wake mzuri wa kulala.

"Safi," alisema Bi. Whitlow, akaichukua ile saba akaitia kwenye jalada la buluu. "Kesho utamkabidhi Mheshimiwa mwenyewe. Kila mwaka anapenda kuona wasichana wametunga nini."

Hakuna aliyekuwa amemwambia hilo. Au waliliandika mahali kwenye kile kitabu cha masharti na yeye alisoma sharti la tisa tu. Alitaka kuomba jalada lirudi, lakini angeulizwa kwa nini. Usiku huo hakulala. Asubuhi, wakati Bi. Whitlow akitafuta pini ya kofia yake, Lorna aliitoa barua kwenye bitana, akaiteleza chini kabisa ya jalada, chini ya ile miswada yote.

Gavana Haldane alikuwa mtu wa mikono mikubwa, mwenye uso wa kuchomwa na jua. Walipiga picha. Aliuliza kama Weller mvua inanyesha, akajibiwa kidogo, akasema ngano ya mwaka huu itawatia watu wazimu. Mtu mwema, Lorna alifikiri. Kisha gavana akafungua jalada, na mswada uliokuwa juu ya yote ulikuwa ule wa saba.

"Aha," alisema. "Wananitaka nisisamehe kabisa." Alicheka. "Na umesaini wewe?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Wewe ndiye uliyesema lile neno la mlango. Msaidizi wangu alinisomea kwenye gazeti lenu, nikamwambia, huyu akikua atanitoa kwenye kiti hiki. Unajua, nina faili moja mezani hapa, la Agosti, halinipi usingizi. Neno lako limenisaidia."

Lorna aliisogelea meza. "Mheshimiwa," alisema, "kuna barua chini. Chini kabisa. Faili hilo ni la Clayton Voss. Ni kaka yangu, mama mmoja."

Bi. Whitlow alitoa sauti ndogo, akamshika mkono juu ya kiwiko. Mpiga picha alishusha kamera. Gavana aliitafuta barua, akaikuta, akaiweka kando ya mswada, na kwa muda mrefu akawa anatazama saini ile na saini ile. Zilikuwa za mwandiko mmoja.

"Binti yangu," alisema taratibu, wala hakuwa na hasira, "nimsikilize yupi kati yenu?"

"Wa chini. Yule mwingine alikuwa anatafuta mlango tu."

"Na alipoupata akanifunga mikono." Alikunja barua. "Nitaisoma. Nakuahidi nitaisoma."

Walikuwa wamekwenda maili ishirini kwenye gari la kurudi. Bi. Whitlow akasema, "Ungeniambia," na Lorna akaona anafuta miwani yake. Ungeniambia! Rahisi kusema, baada ya kutunga sharti la tisa na kulisoma mara mbili.

Jibu lilitoka tarehe saba Agosti, redioni, asubuhi. Gavana alisema ameisoma kila karatasi, pamoja na ombi la familia. Alisema amejiuliza mno, na kwamba wananchi wa jimbo hili, wazee na vijana, hata wale wenye sababu kubwa kuliko wote ya kuomba huruma, wamekwisha mwonyesha kwa saini zao wanataka nini. Hakutaja jina. Mama yake Lorna alizima redio, akaendelea kumenya viazi, na kisu hakikusita hata mara moja.

Mchana walikwenda gerezani. Mama aliingia kwanza, akatoka akiwa amejishika ukutani. Kisha Lorna akaketi mbele ya kioo, akainua simu.

Clayton alikuwa amenyoa. Alionekana mdogo kuliko miaka yake ishirini na saba.

"Mheshimiwa Gavana," alisema, akapiga saluti. "Nimekubandika ukutani, unajua? Mama alinitumia picha yako ya gazetini. Askari wote wanakujua. Nawaambia, huyu kadogo ndiye nilimfundisha baiskeli."

"Uliniangusha mtaroni."

"Nilikufundisha na mtaro pia." Alicheka, kisha akasogea karibu na kioo. "Hebu niambie. Ile picha Mama aliikata kwa mkasi, chini hapa pana maneno ameyaondoa. Zimebaki ncha za herufi kubwa. Nimejaribu kuyasoma mwezi mzima. Ulisema nini mpaka ukawashinda?"

Basi Mama alijua. Tangu Juni alijua, akakata kwa mkasi, akanyamaza.

Lorna angeweza kudanganya. Kubakiza uongo kwa siku mbili si kazi. Lakini alikuwa amemwona kaka yake akiambiwa uongo na mawakili kwa miaka minane, na hakutaka wa mwisho uwe wake. Akamwambia yote, swali la bakuli, mswada, saini, jalada la buluu.

"Maneno yenyewe," alisema Clayton. "Yaseme kama ulivyoyasema."

"Clay, tafadhali."

"Yaseme, mdogo wangu."

Akayasema. Aliyemfungia mwenzake mlango wa huruma, asije kuugonga wa kwangu. Kwenye simu ya gereza sauti ilikuwa nyembamba.

Clayton aliinamisha kichwa. Kule nyuma yake askari alitazama saa, akaashiria dakika moja.

"Mzee Rudd aliniomba," alisema. "Sikuwahi kumwambia mtu. Aliniomba mara mbili." Akainua uso. "Ulishinda kwa kura ngapi?"

"Kumi na moja."

"Zingekuwa kumi na mbili," alisema. "Ningekuwepo, ningekupigia."