Mungu wa Kike na Cherehani ya Aneth

Tangu lini Dionis akamsihi mkewe aende kuangalia sinema? Mwanamume huyu, muuza mitumba wa minadani, siku zote alisema banda la video la Athuman ni mahali pa watu wasio na shamba. Jumamosi ile akamtia Aneth kiingilio mkononi, akamwambia ni sinema ya imani, ya mama mmoja wa Kihindi na mungu wake wa kike, na asitoke kabla haijaisha. "Kaa mpaka mwisho," alisema, na mlangoni akarudia tena. Aneth akaenda, lakini akaenda akijiuliza.

Sinema ilikuwa ya Kitelugu, lugha ambayo wajuao wanasema hata Wahindi wengine hawaambulii kitu. Hapa mjini Kibondo jambo hilo halimsumbui mtu. Sinema za namna hii hupitia kwanza Kasulu kwa DJ Saady, naye huzitafsiri kwa sauti yake mwanzo hadi mwisho: mume yeye, mke yeye, nyoka yeye. Kulikuwa na mke mcha mungu aliyeteswa na mama mkwe kwa kukosa mtoto, mganga mwenye ndevu aliyetaka kumtia wazimu, na mungu wa kike wa sari nyekundu aliyetokea kila mambo yalipoharibika. Aneth, Mwanglikana wa kuzaliwa, alijiambia anaangalia nguo tu. Yeye ni fundi, na pindo za zile sari zilikuwa kazi ya mtu anayejua.

Ikafika mahali yule mke akapiga magoti mbele ya sanamu, akavua bangili zake za dhahabu, akazilaza chini. Sauti ya Saady ikasema: "Mama, nakupa cherehani yangu. Nakupa kabla hujanipa mtoto, ili uniamini."

Banda zima likaangua kicheko. Bangili zinang'aa mbele ya macho ya watu, DJ anasema cherehani! Aneth peke yake hakucheka. Maneno yale yalikuwa yake. Alikuwa ameyasema mgombani nyuma ya nyumba, jembe mkononi, akimwambia Mungu wa kwao, na hakumwambia mchungaji wala mama yake mzazi. Alikuwa amepanga kuibeba cherehani ile mpaka madhabahuni Jumapili ya mavuno, nayo Jumapili yenyewe ilikuwa wiki inayofuata. Cherehani hiyo ndiyo iliyomlisha. Ndiyo pia iliyompa jina mjini, maana wenzake waliitwa mama fulani, na yeye waliishia kumwita Fundi. Aliinuka akawapita watu magotini, akatoka, na sinema ikaendelea bila yeye.

Nitakuwa mkweli: wa kwanza kushukiwa alikuwa mungu wa kike mwenyewe. Njia nzima Aneth aliogopa kwamba sala yake imepotea njia, ikapokelewa na asiyetumiwa. Kisha akili ikamrudia. Kama ni mungu wa kweli, angekuwa na haja gani na cherehani ya Kibondo tena iliyokatika mkanda? Hapana, huo ulikuwa mdomo wa mtu.

Nyumbani alimkuta Dionis amesimama uani, hana analofanya.

"Imeishaje?" akauliza.

Aneth akasema kichwa kilimuuma, akatoka mapema. Dionis akamtazama kama mtu aliyekosa basi, akaingia ndani. Usiku ule hakula vizuri, na Aneth aliliona hilo, akaliweka akiba.

Jumatatu shaka yake ikamgeukia Mwanahawa. Huyu alikuwa jirani yake wa kibanda pale sokoni, muuza vitenge, mtu wa pwani kwa baba na mama, na Saady wa Kasulu ni mtoto wa shangazi yake. Walishazoea kunywa chai pamoja. Siku hiyo Aneth aliikataa chai. Kesho yake akahamisha kiti chake kikatazama upande mwingine, akaanza kujibu salamu kwa kikohozi. Mwanahawa akamuuliza amemkosea nini. Aneth akamjibu kwamba anayebeba maneno ya watu kwenda Kasulu anajijua. Mama wa watu akabaki na kitenge mkononi, machozi yakamlengalenga. Hata hayo Aneth aliyashuku.

Ukweli ulimjia akiwa anapiga pasi sare ya mtoto wa mtu. Kule mgombani alisali kwa Kiha. Mungu hamwombi kwa lugha nyingine, Kiswahili ni cha wateja. Na Mwanahawa, kwa miaka yote aliyokaa Kibondo, Kiha chake kinaishia kwenye salamu na bei. Saady hata hizo hana. Aliyeyasikia maneno yale aliyaelewa kwa Kiha, akayageuza mwenyewe. Na Dionis siku ya sala ile alisema yuko mnadani Mabamba. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea, na Aneth alihisi hasira na aibu kwa pamoja: hasira kwa mume, aibu kwa ile chai aliyoikataa.

Alhamisi, Dionis akiwa mnadani, au akisema yuko mnadani, Aneth akapanda basi la asubuhi kwenda Kasulu.

Chumba cha Saady kilibandikwa trei za mayai ukutani kuzuia kelele, na ndani yake kulikuwa na kompyuta, kipaza sauti na birika la tangawizi la kutunza koo. Saady alimkaribisha kwa furaha, shemeji huku na shemeji kule, mpaka alipoulizwa habari ya cherehani. Akacheka kidogo. Akasema yeye Kitelugu hajui hata "karibu". Anafuata nyuso, na penye maneno marefu humuuliza aliyekaa karibu mtu wa namna ile angesema nini. Siku ya kutafsiri sinema ile aliyekaa karibu, akisubiri gari la marobota yake ya mitumba, alikuwa Dionis. Maneno ya sala yalitoka kwa Dionis, na jibu la mungu wa kike pia, tena Dionis akamshika Saady mkono asibadilishe neno.

"Jibu gani?" Aneth akauliza.

Saady akaacha kucheka. "Shemeji, kwani hukukaa mpaka mwisho?"

Akaisogeza sinema mbele. Mungu wa kike akatoka ndani ya moto na sari yake nyekundu, akamwinua yule mke kwa mkono, akaziokota bangili na kumvisha tena. Sauti ya Saady, ameilainisha iwe ya kike, ikasema: "Binti yangu, kaa na cherehani yako. Wewe huna kasoro. Muulize mumeo alichoambiwa hospitali."

Aneth alikumbuka mizizi michungu aliyochemshiwa na mama mkwe, akainywa yote, Dionis akiwa amekaa hapo hapo, anatazama kikombe kikiisha. Alikumbuka pia ile hospitali ya mbali, Dionis alipokwenda kutibiwa mgongo, akarudi na kusema mgongo umepona. Akamwomba Saady amrudishie tena. Akasikiliza, akaaga.

Kibondo aliteremka sokoni kabla ya kwenda kwake. Alimkuta Mwanahawa anafunga kibanda, akamwambia: "Nilikudhania vibaya, dada. Nisamehe." Mwanahawa alimalizia kufunga, kisha akasema chai itakuwepo kesho kama kawaida.

Dionis alikuwa uani, na safari hii alikuwa na kazi, anafunga mkanda mpya kwenye cherehani. Alipomwona mkewe ameshika tiketi ya basi la Kasulu, akauachia mkanda.

Aneth akavuta kigoda, akakaa mbele yake, magoti yakikaribia kugusana.

"Nimeisikia mpaka mwisho," alisema. "Umeazima mdomo wa Saady, ukaazima na wa mungu wa watu. Kibondo nzima imesikia kabla yangu. Sasa niambie wewe."

Dionis akainamisha kichwa. Akaanza kwa Kiswahili, akakwama. Kisha akaanza upya, kwa Kiha.