Sindano ya Mvinyo

Mume wangu Eleuterio hutengeneza mvinyo wa mapera, na mtaa wetu wote hapa mjini Bayamo huunywa. Chupa zake kubwa kumi na mbili ziko varandani, kila moja imevishwa kondomu mdomoni. Mvinyo ukichacha, mpira hujaa hewa na kusimama. Ukilala, mvinyo umeiva. Ila ukishauvisha chupa lazima uutoboe kwa sindano, kitundu kimoja tu, usije ukapasuka.

Kondomu za chumbani zilikuwa na droo yake. Nilikuwa nimengoja miaka minne nafasi ya kusomea uuguzi wa moyo Havana, na Septemba ningeondoka. Mwenye mimba hapokelewi. Tulikubaliana mtoto angekuja baadaye, na Eleuterio mwenyewe alinisifu kwa majirani kwamba mkewe atakuwa bingwa. Kumbe alinivika kilemba cha ukoka.

Nilipokosa siku zangu, ndiye aliyenibembeleza. Alisema mipira ya siku hizi ni mibovu, akakitukana kiwanda mpaka nikamwonea huruma yeye.

Jumamosi asubuhi, akiwa sokoni, mpira mmoja wa varandani ulichanika. Za mvinyo zilikuwa zimekwisha, nikachukua moja kutoka droo ya chumbani. Nikaivisha chupa, nikashika sindano, nikakuta ina kitundu tayari.

Nikarudi chumbani, nikaziinua pakiti zilizobaki moja moja dirishani. Zote tisa zilipitisha mwanga kwenye kitundu kimoja.

Aliporudi nilikuwa nimezipanga mezani.

"Hizo ni za mvinyo, mpenzi," akasema bila kuziangalia.

"Za mvinyo hutobolewa zikishavaa chupa. Hizi umezitoboa pamoja na pakiti zake."

"Ungefika Havana, Migdalia, ungerudi hapa kufanya nini?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kikinifuta machozi. Miaka tisa nimelala naye, na siku ile nilimwona kama mtu aliyeingia kwangu kuiba.

Nikatoka varandani. Nikaivua mipira yote, nikazipiga chupa vizibo kwa nyundo mpaka vikazama.

"Zitapasuka," akasema.

"Najua."

Nikachukua mkoba niende zahanati kupima mimba. Mlangoni niligeuka, nikamwona Eleuterio analia kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Alikuwa amepiga magoti, anahangaika kuzibua chupa zake.