Kiingilio Mche Mmoja

Tamasha la kuokoa mto lilifanyika uwanjani hapa Meru, na kiingilio kilikuwa mche mmoja wa mti. Mimi, mwalimu Felicitas, mlezi wa klabu ya mazingira shuleni, nilibeba mche wa urefu wa kalamu. Mbele yangu akasimama kijana aitwaye Njiru na wenzake kumi kutoka Embu, kila mmoja na mti unaomzidi kimo.

“Sitaki Wameru waseme sisi ni wachoyo, mwalimu,” akaniambia.

Mwimbaji niliyemngoja tangu asubuhi alipopanda jukwaani, alituomba tuinue miti yetu juu. Nikaona majani. Nikaruka, bado majani. Nikamsihi Njiru ashushe wake. Akatabasamu tu, akaupunga kwa mdundo wa ngoma.

Damu ikanichemka. Kwa hasira sikutambua kwamba mwimbaji alikuwa ameinyamazisha bendi ili tuuombee mto.

“Kateni miti hiyo!” nikapiga kelele.

Uwanja mzima ukageuka, ukasoma fulana yangu: “Usikate mti.” Njiru akaukumbatia mti wake, akanikimbia. Hatimaye nikaliona jukwaa vizuri. Mwimbaji alikuwa ananikodolea macho.