Shali Iliyofuliwa

Waliojiandaa kwenda kuwatumikia wazee walikuwa vijana tu, ila mmoja wao alikuwa amechoka kuliko wazee wenyewe.

Wenzake kanisani walimwita Mashuka. Alikuwa dobi wa hospitali, na kila walipokutana naye alikuwa ama anatoka kwenye mashuka ama anakwenda kwenye mashuka. Hakulichukia jina hilo. Jina likishakunata, kulikwaruza ni kuliongezea gundi.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda kwenye makao ya wazee, mbali, nyuma ya milima. Huko wangefagia, wangepaka kuta rangi, wangewaogesha wasiojiweza na kuwafulia.

"Yaani wewe," alimtania Spana, fundi pikipiki aliyeimba sauti ya nne na kuchelewa kila mahali, "unatoka mashuka, unapanda basi, unakwenda mashuka. Mwenzetu hata likizo yako ina povu."

Mashuka alicheka na wengine. Hakusema kilichokuwa moyoni mwake. Moyoni aliona jioni moja katika makao yale: chakula kimepikwa na mtu mwingine, yeye amelala kwenye mkeka katikati ya wasichana wenzake, na hakuna anayemwita kutoka chumba cha pili. Hilo tu. Wenzake walikwenda kutumika. Yeye alikuwa anakwenda kupumzika. Aliificha siri hiyo kama mtu anavyoficha tundu la soksi ndani ya kiatu.

Aliyemwita kutoka chumba cha pili alikuwa baba yake. Kiharusi kilikuwa kimemlaza upande mmoja, mkono wa kulia ukawa wa kubebwa na maneno yakawa ya kungojwa. Kaka yake Mashuka alikuwa dereva wa lori la masafa, leo huku, kesho kule. Alibaki wifi yake, aliyekaa mtaa wa pili, na Mashuka alikwenda kumwomba amshikie nyumba siku za safari.

"Chakula nitampa, dawa nitampa, nguo nitafua," wifi alisema huku akimbembeleza mtoto mgongoni. "Lakini kumwogesha baba mkwe, wifi yangu, hapo unisamehe. Mzee mwenyewe atakufa kwa aibu kabla ugonjwa haujammaliza."

"Nimekuelewa, wifi."

"Kaka yako angekuwepo, lingekuwa dogo. Lakini yuko na lori lake, na lile lori lina wivu kuliko mke."

Basi suala la kumwogesha baba lilibaki halina jibu. Mashuka alilisukuma mbele siku baada ya siku, akijiambia kwamba Mungu atafungua njia, huku akijua kwamba hajamwomba vizuri.

Kuomba ndiko kulikomshinda. Kikundi chao kilikuwa na desturi yake kabla ya safari ya namna hii. Nyuma ya kanisa palikuwa na chumba kidogo kilichowahi kuwa stoo ya viti, na wiki nzima ya maandalizi, kuanzia kunapokucha hadi giza linapoingia, chumba hicho hakikuachwa bila mwombaji. Walipokezana. Aliyekuwa zamu alijifunika shali ya sufu ya rangi ya majivu, na shali hiyo ilitoka bega moja ikaenda bega jingine. Haikuwekwa kitini wala kutundikwa msumarini. Usiku ililala mabegani mwa Mkunga.

Mkunga alikuwa mlezi wa vijana, mama mstaafu aliyewapokea nusu yao walipokuja duniani, na hakuacha kuwakumbusha. Shali aliifuma yeye, na sheria aliiweka yeye.

"Mgonjwa unayemwinua kitandani," aliwaambia kila mwaka, "humwachii mpaka mwenzako awe amemshika. Unamuuliza, 'Umeshika?' Naye anakujibu, 'Nimeshika.' Ndipo unaachia. Asiyeweza kufanya hivyo kwa shali, sitamkabidhi mwili wa mtu."

Kwa hiyo aliyeivua shali kabla bega la kuipokea halijafika, safari ilimpita. Mwaka uliotangulia ilimpita mpiga kinanda, ambaye wote walimwita Kinanda. Aliiweka shali kitini akatoka mara moja kununua vocha. Aliporudi alimkuta Mkunga amekaa kwenye kiti hicho, shali mapajani.

Mashuka alipewa zamu ya jioni, ile isiyotakiwa na mtu. Hakuna aliyemwonea. Ilitokea tu, kwa kuwa Mashuka hakatai.

Siku iliyotangulia mkutano wa mwisho alitoka kazini mashine moja ikiwa imeharibika, hivyo mashuka ya wodi mbili yalikuwa yamefuliwa kwa mikono. Alipitia nyumbani akamgeuza baba, akamlisha, akampangusa kidevu, akamwambia, "Narudi sasa hivi." Kisha akaenda kanisani, akapokea shali na kupiga magoti.

"Bwana," alianza.

Akakumbuka kwamba hakumwekea baba mto chini ya kisigino.

"Bwana, nipe nguvu." Akaona haya, maana jana aliomba hivyohivyo, na juzi. Alijiona kama jirani anayekuja kila siku kuazima chumvi ileile. Akajaribu kuwaombea wazee wa kule makaoni, lakini hakuwafahamu nyuso, na kila alipomfikiria mzee mmoja, alikuwa na kidevu cha baba yake.

Muda wa Spana, mwenye zamu ya mwisho, kuja kumpokea ulifika, Spana hakufika. Mwanga wa dirishani ulianza kugeuka. Mashuka aliivuta shali usoni, na pua yake ikafanya kazi iliyoizoea: jasho, mafuta ya nywele, moshi wa jikoni, na kwenye ukingo, doa la grisi. Hilo ni la Spana, aliwaza. Grisi ikikaa haitoki.

Mikono ya Mashuka ilikuwa na tabia ya kufanya kazi bila yeye. Miaka ya udobi iliifundisha hivyo. Mara nyingi alizinduka rundo zima likiwa limekunjwa na asikumbuke alilikunja lini. Ndivyo ilivyokuwa jioni ile. Magoti yaliinuka. Nje palikuwa na bomba, na chini yake ndoo na kipande cha sabuni cha mama aliyesafisha kanisa. Maji yalijaa. Kidole gumba kilitafuta doa na kulisugua taratibu, kama sufu inavyofuliwa, bila kuikamua kwa nguvu. Alisuuza. Alikung'uta. Alitandaza kambani.

"Mashuka," sauti ilisema nyuma yake. "Dada yangu. Unafanya nini?"

Spana alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta, mikono mbele, tayari kupokea shali. Shali ilikuwa kwenye kamba, inadondosha maji.

Mashuka aliitazama, kisha akaitazama mikono yake yenye povu. Alikaa chini palepale, kwenye tope la bomba.

"Sijui," alisema. "Wallahi sijui. Nilikuwa naomba."

"Ulikuwa unaomba kwa sabuni."

"Spana, usinichekeshe. Nimebaki."

Spana hakucheka. Alichuchumaa kando yake, akakuna kichwa.

"Tuseme mvua ilinyesha."

"Mvua gani? Hata mawingu hakuna."

"Basi tuseme dari linavuja."

"Maji ya wapi?"

"Hapo ndipo penye kazi." Aliinuka, akaitoa shali kwenye kamba, akajifunika ikiwa mbichi hivyohivyo. Maji yalimtiririka mgongoni akaguna. "Nilichelewa. Mteja alikuwa amesimama juu ya kichwa changu, nikasema namalizia boliti moja. Boliti moja ikazaa wenzake. Nenda nyumbani, dada. Mzee anakungoja."

Alikwenda. Hakulala vizuri, japo alilala. Mwili ulijiangusha wenyewe kama gunia.

Kesho yake alasiri walikaa ndani ya kanisa, kwenye viti vilivyopangwa duara. Mkunga alikuwa na shali mabegani. Kabla hajasema neno aliinua ukingo wake, akaunusa, akaunusa tena.

"Jana usiku ililetwa kwangu mbichi, na leo inanukia sabuni," alisema. "Nani ameifua?"

Spana alifumbua mdomo, lakini Mashuka alikwisha kusimama.

"Ni mimi, mama. Sikukusudia. Nilizinduka iko kwenye kamba."

Kisha Kinanda akakohoa.

"Mimi sisemi kwa ubaya," alisema, macho chini. "Lakini mwaka jana niliiweka kitini tu. Sikuilowesha. Na nilibaki, nikawapungia mkono kama mjinga pale getini."

Hakuna aliyemkemea, maana alisema kweli. Mkunga naye hakuharakisha. Alimtazama Mashuka jinsi alivyokuwa akiwatazama wajawazito, akipima si walichosema bali walivyosimama.

"Swali ambalo nimewauliza wote, wewe hujalijibu bado," alisema. "Unakwenda kutafuta nini?"

Mashuka alikuwa amejiandalia jibu zuri lenye upendo na unyenyekevu ndani yake. Alilitafuta akalikosa.

"Kupumzika," alisema.

Mtu mmoja alicheka, akaona anacheka peke yake, akanyamaza.

"Na baba?"

"Wifi atamlisha. Wa kumwogesha sijapata." Alivuta pumzi. "Kwa hiyo, mama, hata bila shali, nadhani nilikuwa nimeshabaki. Sikutaka tu kulisema."

Mkunga aligeuza macho polepole, akaupitia mduara mzima. "Nani alijua kwamba anatoka kazini, anakwenda kwa baba yake, ndipo anakuja kwenye zamu?"

Walijua wote. Walitazama sakafu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wao walikuwa wamembebesha na shali juu yake.

"Mama, naomba neno," Spana alisema, akasimama huku akifuta mikono kwenye suruali kama aliye kazini. "Sheria inasema shali isitoke begani mpaka bega jingine liwepo. Bega la jana lilikuwa langu, na halikuwepo. Lilikuwa chini ya pikipiki. Mnyororo haukukatikia kwake, umekatikia kwangu. Nibaki mimi."

"Unajua unachosema?"

"Najua. Na sitakaa bure. Mzee ni shabiki wa mpira, nami pia, ingawa ameshikilia timu mbovu. Nitamwogesha. Nifundishwe tu."

Mkunga alimgeukia Kinanda. "Wewe wasemaje?"

Kinanda aliinua mabega. "Mimi nilitaka mtu abaki. Mtu anabaki. Sheria imeshiba." Kisha akaongeza, "Jioni nitakuwa napita kumsaidia Mashuka kumgeuza. Mzee mwenyewe si mwepesi."

"Si nawe unasafiri?"

"Nikirudi, mama. Nasema nikirudi, na baada ya hapo."

Asubuhi ya safari, Spana alifika nyumbani kwa kina Mashuka mapema, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Mashuka alimwonyesha beseni, taulo, mahali pa kuweka goti, upande usiovutwa. Baba aliwafuatilia kwa jicho lake zima.

"Mikono..." alisema, akayangoja maneno mengine. "Ina... grisi."

"Nimeinawa, mzee wangu. Hii iliyobaki ni rangi yangu."

Mdomo wa baba uliinuka upande mmoja.

Walimwinua pamoja, Mashuka mgongoni, Spana kwapani. Nje basi la kukodi lilipiga honi. Mashuka aliuhisi uzito wa baba yake mikononi, uzito alioufahamu kuliko wake mwenyewe, na vidole vikakataa kufunguka.

"Umeshika?" aliuliza.

"Nimeshika."

Hakuachia.

"Dada," Spana alisema taratibu. "Nimeshika."

Baba alimtazama. Hakutafuta maneno, alifumba macho na kuyafumbua mara moja, kama mtu anayetia sahihi.

Mashuka akaachia.

Ndani ya basi Mkunga alimwachia nafasi ya dirishani, akamfunika shali. Bado ilinukia sabuni, na doa la grisi halikuwa limetoka lote. Kivuli chake kilibaki kwenye ukingo. Mashuka alikiona. Nyuma yao wenzake walianza kuimba, na aliyejaribu sauti ya nne badala ya Spana alikuwa akiibabaisha. Walipofika ubeti wa pili, Mashuka alikuwa amelala, kichwa kimeangukia bega la Mkunga, mikono yake iko wazi mapajani, haifanyi kitu.